Bangboka: tupime njia ya maji mbele ya kupima parseli

Ndugu wachimbaji, nanyi mama munaobaki ku nyumba wakati baba iko ku karieri, leo tunasema juu ya parseli.

Kila mmoja wenu anajua mambo vile inaendaka. Mtu anashinda miezi ndani ya mashimo, upande wa Bafwasende ao wa Banalia, kiisha anatoka na kitu kidogo. Almasi imeuzwa ku komptuari, ao dhahabu imepita ku mizani. Mbele feza haijaisha kwa madeni, bibi anasema: tununue udongo. Katikati ya mji, parseli ni bei ya wakubwa. Basi macho inageuka kwa barabara ya Ituri, upande wa Bangboka, kilometre kama 17 kutoka katikati ya Kisangani, karibu na kiwanja cha ndege. Kule nafasi iko bado, pori liko bado, na bei inaongeleka.

Na parseli ya bei ndogo kuliko zote iko wapi? Iko chini, ku bonde, karibu na kijito, pale mangongo inaota. Mwenye kuuza anasema: "Hapa maji haijafika hata siku moja." Pengine hasemi uongo. Maji haijafika juu pori liko bado pale kwenye kilima. Siku pori litakapotoka na manjanja kuingia, maji itafika.

Sisi tunasema wazi: mabonde ya Bangboka yasikatwe parseli mbele njia ya maji haijapimwa na kuandikwa ku karte. Kazi hiyo ya kupima si ya wazungu wala si ya miaka kumi. Inaweza kufanyika na watu wetu wenyewe, na faida yake itaonekana mvua ya kwanza yenye nguvu.

Nani anajua maji kupita mchimbaji? Munajua kwamba shimo halianguki siku ya jua, linaanguka kisha mvua. Munajua kwamba kabla ya kuchimba chini lazima mukate mfereji juu, ili maji ya kilima isiingie ndani. Munajua kwamba motopompi moja haiwezi kushinda kijito mlichokifunga njia. Ku karieri, asiyeheshimu maji anazikwa na udongo. Lakini mtu yule yule, akifika mjini na feza, anasahau yote na ananunua ndani ya njia ya maji.

Tufanye hesabu kidogo, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Tuchukue nyumba ya metre 10 kwa 8. Dari yake ni metre kare 80. Mvua ya milimetre 50 ikinyesha, na ku Kisangani mvua ya namna ile si ajabu, dari hiyo moja inatupa chini litre 4,000. Ni fûti 20 za litre 200. Nyumba mia moja ni fûti 2,000. Hapo hatujahesabu barabara, wala lupango tunaofagia kila asubuhi mpaka udongo unakuwa mgumu kama simenti. Pori lenyewe lilikuwa linafanya nini na mvua ile? Majani ya juu yanashika sehemu moja, majani makavu ya chini yanapunguza mwendo, na mizizi na wadudu wametoboa udongo, maji inaingia polepole. Kijito kinapokea maji kidogo kidogo, siku nzima na zaidi. Tukitoa pori na kutia manjanja, maji ile ile inafika ku kijito kwa saa moja. Mvua haikuongezeka. Kilichobadilika ni mwendo wake.

Sasa tuangalie bonde. Tuseme bonde moja la upana wa metre 40 na urefu wa metre 500, lenye mangongo, raphia na potopoto. Maji ikipanda humo nusu metre tu, bonde limeshika litre milioni 10. Ni maji ya dari 2,500 za mvua ile tuliyohesabu. Halikuomba motopompi, halikuomba mazuti, halikuomba mshahara. Kiisha mvua, linaachilia maji pole pole. Mtu akijaza bonde hilo udongo na kujenga nyumba kumi, amepata nafasi ya nyumba kumi, na amewatupia majirani wa chini litre milioni 10. Njo vile mafuriko ya mji inatengenezwa. Mikono ya watu iko ndani, si mapenzi ya Mungu peke yake.

Ndiyo maana siku hizi, katika miji mingi, wataalamu wanasema tutumie pori, nyasi, mabonde na mabwawa kama vyombo vya kupunguza mafuriko, pamoja na kanivo za simenti. Si maneno ya kupendeza masikio. Wanahesabu mbele. Hesabu hiyo inaitwa modeli: ni kama mto mdogo ndani ya kompyuta. Unaipa umbo la udongo, unaipa mvua, unaipa aina ya udongo na hesabu ya nyumba, nayo inakuonyesha maji itapita wapi, itapanda mpaka wapi, na kisha muda gani. Kiisha unabadilisha kitu kimoja, unaangalia tena. Ukiacha bonde, je? Ukijaza, je? Ukipanda miti ku mteremko, je? Ni afadhali kukosea ndani ya kompyuta kuliko kukosea na watoto ndani ya nyumba.

Ili modeli ya Bangboka isiwe ya uongo, inahitaji vitu vine.

Cha kwanza ni umbo la udongo: wapi juu, wapi chini. Mwaka 2000, chombo cha anga cha Marekani kilipima urefu wa udongo karibu dunia nzima, na karte zile zinapatikana bila malipo. Lakini hapa kwetu kuna mtego. Pale pori ni zito, chombo kile kilipima zaidi vichwa vya miti, hakikufika vizuri mpaka chini. Kwa hiyo karte inaweza kuonyesha kilima pale kuna miti mirefu tu. Lazima watu watembee kwa miguu, na vyombo vya kupimia, wafuate kijito toka chanzo mpaka kinapoingia ku mto.

Cha pili ni mvua. Hapo Bangboka ina bahati: ku kiwanja cha ndege kuna watu wa hali ya hewa wanaopima mvua. Kisangani inapata kama milimetre 1,700 ao 1,800 kwa mwaka. Lakini kwa mafuriko, jumla ya mwaka haitoshi. Tunataka kujua mvua kali inaleta maji ngapi ndani ya saa moja, na mvua ya namna ile inarudi kila kisha miaka mingapi.

Cha tatu ni udongo unavyokunywa. Munaweza kuupima ninyi wenyewe. Kata kopo kubwa pande zote mbili, liingize kidogo ndani ya udongo, mimina maji, angalia saa. Fanya hivyo ndani ya pori, kiisha ndani ya shamba, kiisha ndani ya lupango uliofagiwa. Mutaona tofauti kwa macho, na mwanafunzi ataiandika kwa namba.

Cha ine ni kumbukumbu za watu. Mama anayevua samaki ku kijito, mzee mwenye shamba chini, wanajua alama ya maji ya miaka iliyopita: ilifika ku mti gani, ku jiwe gani. Modeli isiyoulizwa na watu hao ni mchezo. Ikionyesha maji pale ambapo mzee anasema maji haikufika hata siku moja, lazima irekebishwe, ao mzee aelezwe kitu gani kitabadilika.

Tusidanganyane: miti na mabonde havina uwezo wote. Vinasaidia sana kwa mvua ya kawaida na mvua kali kidogo. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, udongo ukishiba, hata pori linaachilia maji. Na mto mkubwa ni habari nyingine kabisa. Mwanzo wa mwaka 2024, mto Kongo ulipanda mpaka ku Kinshasa kipimo kikafika metre 6.20, karibu na ile 6.26 ya mwaka 1961. Serikali ilihesabu watu karibu 300 waliokufa katika inchi na makumi ya maelfu ya nyumba zilizoanguka. Maji ile ilitoka mbali, katika bonde zima la mto. Hakuna bambu la Bangboka lingeweza kuizuia. Kwa mto mkubwa, dawa ni kutojenga pale mto unapopanda. Lakini maji ya vijito, ile inayovunja ukuta usiku na kubeba daraja la miti, hiyo inatoka juu ya vilima vyetu, na hiyo tunaweza kuipunguza.

Wengine watauliza: wapi watu kama sisi walifanya kazi hiyo? Twende Dar es Salaam, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili. Mwezi wa 12 mwaka 2011, mafuriko iliua watu kama 40 kule. Bonde la mto Msimbazi, ndani kabisa ya mji, lilikuwa limejaa nyumba. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakaaji wa mitaa waliingia mtaa kwa mtaa, wakachora barabara, nyumba, mifereji na mahali maji inafika. Kazi hiyo iliitwa Ramani Huria. Hawakungojea karte kutoka Ulaya, walitembea ndani ya matope na simu mkononi. Kisha hapo, wapangaji wa bonde la Msimbazi walitumia hesabu za maji kujua sehemu gani iachiwe mto, sehemu gani ipandwe miti na iwe bustani ya watu, na sehemu gani iinuliwe kwa kujenga.

Lakini angalieni bei. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi ya bonde lile. Sehemu kubwa ya shida ni hii: watu walikuwa wamekwisha kujenga. Lazima kuwahesabu, kuwalipa, kuwahamisha, kubishana nao. Kama bonde lingeachwa wakati mji ulikuwa mdogo, feza ile ingejenga shule. Bangboka leo iko pale Msimbazi ilikuwa zamani. Sisi tuko bado na nafasi ya kutolipa.

Kigali nako wana bonde la Nyandungu, hekta kama 120. Lilikuwa limeharibika. Wakalitengeneza upya: miti, mabwawa, njia za kutembea. Likafunguliwa kwa watu mwaka 2022. Maji ya mvua inapumzika pale mbele ya kuendelea, na watu wanalipa kuingia kutembea. Kwa hiyo bonde lililoachwa si udongo uliopotea.

Na sisi ndani ya Kongo tumekwisha kuonywa. Mwezi wa 8 mwaka 2025, watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walitoa hesabu katika gazeti la sayansi Nature. Walihesabu makorongo ya erosio 2,922 ndani ya miji 26 ya inchi yetu. Kati ya mwaka 2004 na 2023, watu karibu 118,600 walihama juu ya makorongo hayo. Sababu kubwa ni gani? Maji ya dari na ya barabara isiyo na mfereji mzuri. Ni habari moja na mafuriko: maji iliyokosa mahali pa kupumzika juu inachimba ikishuka, na inajaza ikifika chini. Mchimbaji anaelewa haraka, juu anajua maji inachimba kupita beshi.

Sasa tuseme tunataka nini.

Kwa wenye mamlaka ya jimbo, ya mji na ya kartie: kwanza simamisheni kukata parseli ndani ya mabonde yenye maji, kuanzia Bangboka mpaka mjini, hata kwa mwaka mmoja, karte ya maji itoke. Tunajua kuna mikono inayopata chakula kwa parseli zile. Lakini muhuri wa leo ni kilio cha kesho. Chuo Kikuu cha Kisangani kiko pale, kina wanafunzi wa sayansi na wa kilimo wanaotafuta kila mwaka kazi ya mwisho ya masomo. Wapeni vijito vya Bangboka. Wapeni namba za mvua za kiwanja cha ndege. Na karte ikitoka, ibandikwe ku ofisi ya kartie, ku kanisa na ku soko, kwa Kiswahili na Lingala. Karte ikibaki ndani ya mtiroware haijaokoa mtu.

Kwa wenye udongo, mashefu na wazee: tunajua sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Leta, na tunajua vilevile kwamba bila ninyi hakuna mtu anayepanda hata muhogo. Mukiambiwa muache bonde, munapoteza bei ya parseli. Haki ni kwamba musipoteze peke yenu. Bonde linaweza kuleta mangongo, raphia, bambu, samaki, na mboga kandokando wakati maji iko chini. Kama mji wote unalindwa na bonde lenu, mji uwakumbuke katika mgawanyo, kwa parseli za juu ao kwa kazi ya kulilinda. Na yule aliyenunua tayari kwa nia nzuri, akiwa na makaratasi, asifukuzwe kama mwizi. Aonyeshwe mahali pengine mbele ya kuguswa.

Na sasa kwenu, ndugu wachimbaji. Hatuwezi kulaumu Leta peke yake na sisi wenyewe tunanunua usiku. Mbele ya kutoa feza, fanya kama unavyofanya mbele ya kufungua shimo: angalia. Nenda ku parseli siku ya mvua, usiende siku ya jua. Uliza mama wa jirani, usiulize mwenye kuuza. Ukiona raphia na mangongo, ujue maji njo mwenye nyumba, wewe ni mpangaji. Nunua juu, hata kama ni ndogo.

Ukiisha kununua, fanya lupango wako unywe maji. Acha sehemu ya nyasi, usifagie yote mpaka udongo ung'ae. Panda safu, avoka, ngazi ao ndizi. Chini ya dari weka fûti. Bibi atapata maji ya kufua bila kwenda mbali. Maji inayozidi, ichimbie shimo, ujaze mawe na vipande vya matofali, iingie udongoni pole pole. Hapo ninyi ni mabingwa, hakuna wa kuwafundisha kuchimba shimo. Ku mteremko, panda vetiveri ao bambu kwa mistari inayokata kilima, si inayoshuka nacho. Ku salongo, safisheni kanivo, na takataka isitupwe ku kijito. Lupango mmoja hauonekani ndani ya modeli. Lupango mia tano kwenye kilima kimoja zinaonekana vizuri.

Kuna atakayesema: "Sisi tunatafuta chakula, munatuletea mambo ya kompyuta." Tunamuelewa. Lakini ahesabu: nyumba moja ni mavuno ya miaka mingapi ndani ya mashimo? Ni mgongo wa baba, ni watoto waliokosa shule mwaka mmoja ili matofali inunuliwe, ni ndugu waliobaki ndani ya udongo ku karieri. Mali ya namna hiyo si ya kuweka ndani ya njia ya maji kwa sababu bei ilikuwa ndogo.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka hazina rafiki. Lakini vilima vya Bangboka viko bado na miti, vijito viko bado na mabonde yao, na wanafunzi wako pale wanangojea kazi. Miji mingi ya Afrika inalipa leo ili kurudisha kitu ambacho Bangboka bado iko nacho bure. Tukipime mbele hakijauzwa.